Harage dogo kichwani mwa kondoo

Jumamosi iliyopita nilirudi kutoka mnada wa Msalato na vichwa viwili vya kondoo kwenye mfuko. Muuzaji akaniuliza, "Dada, supu ya watu wangapi hiyo?" Nikacheka tu. Ningemwambia nini, kwamba natafuta kitu cha ukubwa wa harage kilichojibana kwenye kishimo cha mfupa chini ya ubongo?

Tezi ya pituitari, jamani, ile inayomwaga homoni za kuendesha tezi nyingine. Ya kwanza niliiharibu: nilivuta ubongo kwa pupa, kikonyo kinachoiunganisha na ubongo kikakatika. Ya pili ikatoka nzima.

Ikakaa kwenye fomalini, dawa ya kuzuia isioze, siku kadhaa, na leo slaidi iko chini ya hadubini. Hematoksilini na eosini, rangi za kutofautisha seli, zimekubali! Sehemu ya mbele seli zimejazana kama punje za uwele. Za waridi zimebeba chembechembe za homoni ya ukuaji au ya maziwa. Za zambarau ndizo zinazoamsha ovari, korodani na tezi ya shingoni. Nyingine zimepauka tu, zimegoma kushika rangi. Sehemu ya nyuma ni nyuzi za neva, na humo ndimo oksitosini, homoni ya uchungu wa kuzaa, inamosubiri.

Vichwa vyenyewe? Mama alishavipikia supu zamani.