Malkia Ndani ya Friji

Jirani yetu wa ghorofa ya chini, mzee mstaafu aliyekuwa anahamia kwa binti yake, alitugongea mlango mwishoni mwa Septemba akiwa na neli ya kioo iliyozungushiwa karatasi nyekundu, maji yakiwa yamezibwa nyuma ya pamba. Ndani mlikuwa na malkia wa sisimizi weusi, wafanyakazi wachache waliozaliwa kiangazi kile na rundo dogo la mabuu. Malkia huyo mzee alimwokota barabarani mwezi Julai, jioni moja ya joto baada ya mvua, Leipzig nzima, huku Ujerumani, ikiwa imejaa sisimizi wenye mabawa. Binti yangu Rehema alikuwa akishinda kwake kuwatazama, basi urithi ukawa wake. Kazi, kama kawaida, ikawa ya baba.

Mimi nimekulia Muheza. Kumbikumbi wakitoka, sisi tuliweka beseni la maji chini ya taa, kesho yake tukawakaanga. Mdudu wa kulishwa na mimi sikuwahi kumfikiria.

Mzee alinieleza kwamba malkia huyo hakuwa ametia kitu kinywani tangu Julai hadi wafanyakazi wa kwanza walipotoka. Akishapandwa, malkia hukata mabawa yake, na misuli ya kurukia, ambayo haina kazi tena, inayeyuka mwilini na kuwa chakula cha wanawe wa kwanza. Kwa hiyo anafika vuli amekonda, na wiki zile ndizo za kumnenepesha. Tuliwawekea tone la asali lisilozidi kichwa cha pini. Rehema alitega vinzi kwa maganda ya ndizi, tukavigandisha kwanza ndipo tukavitia ndani, kwa sababu mabuu yanataka nyama. Mabaki tuliyatoa kesho yake kabla hayajaota ukungu. Wafanyakazi walijaza matumbo yao, kisha wakamlisha malkia mdomo kwa mdomo. Tumbo lake lilivimba hadi mistari myeupe ikaonekana kati ya pingili.

Mwaka 2025 mahakama ya Nairobi ilipowatoza vijana wawili wa Kibelgiji na watu wengine wawili faini ya shilingi milioni moja za Kenya kila mmoja, kwa kujaribu kusafirisha maelfu ya sisimizi wa Kenya, malkia wakiwemo, nilizijua mara moja zile neli na pamba walimofungiwa. Na nilijiuliza nani kule Ulaya angewalea maelfu yale.

Oktoba ilipofika katikati, asali ilianza kubaki. Malkia hakutaga tena, mabuu hayakukua. Hayo si maradhi. Ni mwili unafunga duka. Niliishusha neli kwenye chumba cha chini ya jengo wapoe polepole, kisha likabaki suala la friji. Barazani hapakufaa: maji yaliyo nyuma ya pamba yakiganda, kioo kinapasuka. Sebuleni nako kuna joto, na malkia wa huku akinyimwa baridi hudhoofika na kutaga vibaya mwaka unaofuata. Anahitaji nyuzi kama 5 hadi 8, miezi kadhaa.

“Baba Rehema, siafu kwenye friji yangu?”

“Si siafu, mama. Ni sisimizi.”

“Wakiingia kwenye sukari, tofauti yao ni ipi?”

Sikuwa na jibu. Rehema ndiye aliyetuokoa: alileta kopo la plastiki lenye kifuniko, akatandika kitambaa kuzuia mtikisiko, akaandika jina lake juu kwa kalamu nene. Mama yake akakubali kwa sharti kwamba likae kwenye droo ya mboga, nyuma ya karoti, na mtu asilifungue wageni wakiwepo. Kila baada ya muda nilitazama kama maji yapo tu, basi.

Machi tuliwatoa. Mfanyakazi mmoja alikuwa amekufa. Waliobaki walianza kutembea kabla chai haijapoa, wakaenda moja kwa moja kwenye asali, na mayai mapya yakaonekana mwezi uliofuata. Mama Rehema aliisugua ile droo kwa siki mara mbili.