Ngozi, chumvi na mvua: siku yangu moja ya ufundi viatu Mtwara

Saa 11 alfajiri. Mvua imenyesha usiku kucha hapa Magomeni. Mwezi Januari kwetu mvua na shule hukutana, kwa hiyo najua leo nitaletewa nini. Kabla hata ya chai nafungua boksi la viatu vya wateja na kunusa, maana ukungu pua huujua kabla ya macho. Pea moja imeanza kuvunda. Kwenye ulimi kuna unga wa kijivu. Naitoa uani ndipo naipiga brashi, kwa sababu ukungu ukipukutwa ndani unahamia kwenye viatu vya wengine. Kisha kitambaa chenye siki na maji, nusu kwa nusu, halafu upepo wa barazani.

Saa 1:30 nimeshatandika chini ya mwembe jirani na Soko Kuu. Brashi tatu: ya vumbi, ya kupakia, ya kung'arishia. Sizichanganyi hata siku moja.

Saa 2 anafika mama mmoja wa Shangani na mwanawe wa darasa la nne.

"Fundi, nipigie kiwi tu, mtoto anawahi namba."

"Mama, nikipiga kiwi hapa nitakuwa naifungia chumvi ndani."

Namwonyesha. Juu ya vidole kuna mstari mweupe uliopindapinda, kama alama ya maji kupwa mchangani. Mtoto amecheza ufukweni, kiatu kikalowa maji ya bahari, kikakauka. Maji yameondoka, chumvi imebaki. Hewa ikiwa na unyevu, chumvi hiyo huvuta maji. Jua likiwaka, huganda tena, na kila ikiganda huchana nyuzi za ngozi kidogo kidogo. Ndiyo maana viatu vingi hapa mjini hupasuka palepale vinapokunjika, soli ikiwa bado nzima kabisa. Naloweka kitambaa kwenye maji yenye siki kidogo, nakamua, nafuta, nasuuza, nafuta tena. Mara ya tatu mstari unapotea. Mama anaupitisha mkono, anakubali viatu vibaki hadi jioni. Mtoto ameenda na raba.

Saa 5 kijana wa kwenye ubanguaji wa korosho ameniletea buti lenye doa la mafuta ya ganda. Mafuta yale huchubua vidole vya watu, seuze ngozi ya kiatu. Nimemwambia ukweli: halitoki. Nimelikoleza buti zima rangi nyeusi, akalipa, akaenda.

Saa 7 mchana jua linatoka, na hapa ndipo roho huniuma. Nikiinua macho naona viatu vilivyolowa vimeanikwa juani kila kibaraza, na najua majumbani vingine viko ubavuni mwa jiko la mkaa. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilifanya hivyohivyo. Nesi mmoja aliniachia viatu vilivyolowa chapachapa, nikaviweka karibu na jiko ili avipate mapema. Vilikauka vikawa vigumu kama kifuu, ncha zikainuka, mguu haukuingia tena. Ngozi iliyolowa ikipata moto hujikunyata, na haikunjuki. Nililipa kwa awamu tatu, na yule dada alinivumilia kwa heshima ambayo sijaisahau. Tangu siku ile navijaza magazeti, naviweka kivulini penye upepo, magazeti yakilowa nabadilisha. Siku mbili ikibidi. Mteja mwenye haraka namweleza, asipotaka namrudishia viatu vyake.

Saa 9 anakuja mzee kutoka Mikindani.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Hebu niangalizie hivi."

Anafungua mfuko wa nailoni. Ndani makubadhi aliyoolea, hayajavaliwa miaka mingi. Naminya kwa kidole gumba, yanalia kama jani kavu. Ngozi hii haikupakwa rangi. Imesindikwa kwa maganda ya miti. Maganda ya mikoko, jamii ya ile iliyopo ghuba ya Mikindani, yaliwahi kusafirishwa mpaka Ulaya kwa kazi hiyohiyo. Ngozi ya namna hii hunywa.

"Nyumbani wameniambia nipake mafuta ya kupikia."

"Hapana babu, yatachacha humohumo ndani."

Nina kopo langu: nta ya nyuki sehemu moja, mafuta ya nyonyo sehemu tatu, vimeyeyushwa kwenye bakuli juu ya sufuria ya maji ya moto. Napaka kwa kidole, si brashi, ili joto la mkono liingie nayo. Mpako wa kwanza unazama nikiangalia, na rangi inatoka kwenye vumbi inakwenda kwenye asali. Wa pili unazama polepole. Wa tatu nimekataa, kwa sababu ngozi ikishiba kupita kiasi hulegea na mishono hutanuka. Babu ameinama muda wote, hasemi kitu. Mwisho akagusa kamba ya kidole kwa ncha ya ukucha, akauliza kama itahimili kushonwa.

"Kesho babu. Leo ngozi inywe kwanza."

Saa 12 jioni mama wa Shangani amerudi. Namkabidhi viatu, namweleza asivilaze kwenye mfuko na mtoto akitoka navyo ufukweni vifutwe siku hiyohiyo kwa kitambaa chenye maji baridi. Nafunga boksi. Makubadhi nimeyafunga kwenye kipande cha kanga ili yapate hewa, na ule mfuko wa nailoni nimeuacha kwa mwenye genge.