Siku moja ya fundi umeme wa Tanga

Saa 1:00 asubuhi. Kabla ya kuwasha pikipiki nilikagua mfuko wa kazi: bisibisi, tesita, mita na kufuli dogo la kufungia swichi kuu, kwani fundi huweza kuuzima umeme vizuri kabisa kisha mtu wa nyumbani akauwasha ili achaji simu.

Saa 2:30. Mama mmoja wa Makorora alikuwa akipigwa shoti na friji kila alipoigusa akiwa peku. "Lakini nikivaa kandambili, mwanangu, hainifanyi kitu," alisema. Nilimweleza kwamba kandambili zilikuwa zikimkinga yeye, ila ubovu ulikuwa palepale. Nilizima swichi kuu, nikaifunga, nikahakikisha kwa mita kwamba umeme umekatika, kisha nikafungua soketi. Waya wa ethi, ule wa kijani na njano unaopeleka ardhini umeme unaovuja, ulikuwa umekunjwa nyuma bila kufungwa popote, ncha yake bado ina ganda.

Saa 4:00. Mama aliuliza kwa nini breka haikukata. Swali zuri, na hata mafundi wengine hulikosa. Breka ile ni ya ampea 20, nayo kazi yake ni kuzuia waya zisiungue. Mwili uliolowa unaweza kuwa na ukinzani wa omu 1,000 hivi, kwa hiyo volti 230 zitapitisha ampea 0.23, breka haitahisi chochote, ilhali ampea 0.1 tu ikipita kifuani yaweza kuvuruga mapigo ya moyo na kuua. Anayehitaji kulindwa ni mtu, na kwa hilo kuna kifaa kinachokata umeme unapovuja kufikia miliampea 30. Aliposikia bei alinyamaza kidogo, kisha akamtuma kijana dukani.

Saa 8:00 mchana. Kwenye saluni moja nilikuta kifuniko cha kalamu ya biki kimechomekwa katika tundu la ethi ili chaja ya pini mbili iingie. Nilikitoa, nadhani kesho kitarudi.

Saa 11:00 jioni. Nilirudi Makorora, nikaunga ethi, nikafunga kifaa na kubonyeza kitufe chake cha majaribio: tap, nyumba nzima ikazima. Nilipowasha tena, mita ilisoma sifuri kati ya bodi ya friji na ardhi. Mama alivua kandambili mwenyewe, akanyoosha mkono, akasita.

"Tangulia wewe, mwanangu."

Nikavua viatu.