Nilivyohama dnsmasq kwenda Unbound bila jikoni kujua

Kuna gesti moja hapa Shela, Lamu, mtandao wao naangalia mimi. DNS (huduma inayogeuza majina ya mtandaoni kuwa IP, namba za anwani za mashine) ilikuwa inaendeshwa na programu ya dnsmasq tangu zamani, na haikuwa mbaya, ila yenyewe inapokea swali na kulisukuma kwa mtoa huduma, na jioni seva za mtoa huduma zinagoma, basi wageni wanalaumu wifi na kuta nene za mawe kumbe wifi haina kosa. Nikataka Unbound, programu nyingine ya DNS, ambayo inaenda kuuliza yenyewe kuanzia seva za mzizi, zile za juu kabisa za DNS.

Kuinstoli ni kitu kidogo. Shughuli ilikuwa laini moja ya mipangilio ya dnsmasq aliyoiacha fundi wa kwanza: address=/nyumba/192.168.1.10, yaani jina lolote linaloishia .nyumba linakwenda kwenye seva ya menyu. Ukiiangalia kitaalamu ni uchafu. Lakini niliwasha log-queries (inayoandika kila jina linaloulizwa) siku kadhaa nione watu wanaandika nini, ehee, menu.nyumba, menyu.nyumba, meniu.nyumba, oda.nyumba, hadi biriani.nyumba, na zote zinafunguka! Nikamuuliza mpishi anatumia ipi, akanambia, "Mwanangu, mimi huandika lolote, bora mwisho iwe nyumba, yaja." Nikasema hiyo siigusi.

Kwa Unbound unaandika local-zone: "nyumba." redirect, halafu local-data: "nyumba. A 192.168.1.10", imeisha: zoni ni kundi la majina, na redirect inayapa yote jibu moja. Ikabaki printa. dnsmasq ilikuwa inaisoma printa.nyumba kwenye /etc/hosts (faili ya majina na anwani zake) na kuipa kipaumbele, ila Unbound haitaki jina lingine ndani ya zoni ya redirect, unbound-checkconf, zana yake ya kukagua mipangilio, inakukatalia palepale. Dawa yake ipe printa zoni yake, "printa.nyumba." static (inayojibu yale uliyoiandikia tu), na local-data yake, maana Unbound inafuata zoni iliyo karibu zaidi na jina. Tableti ya kaunta nayo ilikuwa inaita "printa" tupu, nikaongeza na jina hilo kwenye Unbound. Na usisahau access-control (ruhusa ya kuuliza) ya 192.168.1.0/24, yaani mtandao mzima wa ndani, bila hiyo Unbound inajibu kompyuta yake yenyewe tu, wengine wote wanapigwa REFUSED, yaani wanakataliwa.

Kabla ya kubadilisha niliiwasha Unbound kwenye poti (mlango wa mtandao) 5335, dnsmasq ikiendelea kwenye 53, mlango wa kawaida wa DNS, nikachukua majina yote ya kwenye logi nikayauliza kwa dig, amri ya kuuliza DNS, pande zote mbili, majibu nikayalinganisha kwa diff, amri inayoonyesha tofauti. Yalipolingana nikahamisha usiku, jikoni kumeshafungwa.

dnsmasq bado ipo, nimeiwekea port=0, inayozima DNS yake, igawie vifaa IP tu. Majina ya simu za wageni ndio Unbound haiyajui na sijahangaika nayo, nani anaita simu ya mgeni kwa jina?