Mkono Ulioshika Taa

Tangu Jumanne usiku kuna swali moja fupi la baba mkwe ambalo halitaki kunitoka. Aliliuliza akiwa ameinama kutoa risasi kwenye bunduki, bila kunitazama, kwa sauti ile ya chini anayoitumia zizini asije akawashtua kondoo: "Mkono wako umechoka?" Nikamjibu, "Umechoka kidogo, Baba." Akasema, "Haya," akaipangusa bunduki kwa kitambaa, akaingia kwenye pikapu. Hayo ndiyo mazungumzo yote, na nimeyarudia nikibeba majani makavu, nikikamua dang'a kwa ajili ya mwanakondoo aliyekataliwa na mama yake, nikimwogesha mtoto, nikijaribu kupima ndani ya lile "haya" kama mlikuwa na lawama au lilikuwa neno tu la mzee anayetaka kwenda kulala.

Tulikuwa tukimvizia mbweha katika shamba la juu, lile linalopakana na msitu wa misonobari, ambako kondoo wenye mapacha hupelekwa na watoto wao baada ya kukaa zizini siku mbili. Ilikuwa saa tano na nusu, hakuna mwezi, na upepo ulikuwa ukitupiga usoni kutoka msituni, hali ambayo Baba anaweza kuisubiri wiki nzima, kwa kuwa mbweha humnusa mtu kabla ya kumwona. Aliilaza bunduki juu ya mfuko wa mchanga kwenye boneti, akaweka mgongo wa kiganja mdomoni na kuufyonza mpaka ikatoka sauti nyembamba ya sungura aliyekamatwa. Mimi nilikuwa nikizungusha taa polepole. Nikayapita macho ya kondoo, mengi, ya kijani, yaliyotulia. Ndipo kando ya uzio nikakutana na macho mawili yaliyokaribiana, yenye mng'ao mkali, yakazimika, kisha yakawaka tena hatua chache mbele. Umbali ulikuwa kama mita 120.

Aliyeshika taa ndiye macho ya mwenye bunduki. Baba alinifundisha hivyo majira ya baridi ya kwanza niliyokaa hapa Powys, Wales, kabla hajaniruhusu hata kubeba betri. Hapigwi mnyama kwa kuonekana macho peke yake. Ni lazima mwili wote uonekane, na nyuma yake pawe na udongo wa kuipokea risasi, kwa maana risasi ile hutoka kwa mwendo wa karibu mita 1,000 kwa sekunde, na ikikosa kilima itavuka bonde mpaka kwenye nyumba za watu. Na taa haisogezwi. Ikishamtua mnyama hubaki pale pale hadi mlio usikike na mwenye bunduki aseme mwenyewe kwamba amemaliza. Jumanne alinong'ona, "Namwona," ambalo kwetu ndilo neno la kunitaka nitulie, nami nikaisogeza taa. Niliisogeza kushoto, upana wa kiganja kimoja tu, na giza likammeza mbweha. Nilipoirudisha palikuwa na majani yanayotikisika na waya wa uzio basi.

Mkono haukuwa umechoka. Nilikuwa nimeona kitu kikining'inia mdomoni mwake, chekundu, chenye kung'aa kwa unyevu, na kwa sekunde moja moyo wangu ulinipasuka nikidhani ni mwanakondoo, kisha nikatambua kwamba ni kondo la nyuma la kondoo aliyekuwa amezaa jioni ile akiwa bado malishoni. Mbweha hupenda kuyafuata makondo hayo wakati wa msimu wa kuzaa. Kilichonishika ni kwamba hakulila pale. Alilibeba akiwa ameinua kichwa ili lisiburuzike, akielekea msituni kwa mwendo wa mtu anayesubiriwa. Mwishoni mwa Machi watoto wa mbweha wamo mapangoni, wamezaliwa vipofu, hawawezi bado kujitunzia joto la mwili, na mama yao hukaa nao muda mwingi akiletewa chakula na dume. Sikujua kama niliyemwona ni dume au jike. Nilijua tu kwamba chakula kile hakikuwa chake peke yake, na kabla sijafikiri chochote taa ilikuwa imekwisha kusogea.

Sitaki mtu asome haya akadhani ninamhukumu Baba. Yeye ndiye anayelala na viatu msimu mzima, ndiye niliyemwona akimtia mwanakondoo aliyeganda ndani ya shati lake mwenyewe, juu ya ngozi, huku akitembea huku na huko jikoni mpaka kiumbe kile kikaanza kutetemeka. Ni yeye pia anayekiri waziwazi kwamba baridi, njaa na maradhi huua wanakondoo wengi kuliko mbweha. Lakini anasema yupo mbweha anayejifunza kuchukua walio hai, na akishajifunza hurudi. Zamani watu wa bonde hili waliita kundi la mbwa na wapanda farasi. Sheria ya 2004, iliyoanza kutumika Februari 2005, ilipokataza uwindaji wa namna hiyo, Baba hakulalamika, kwa sababu siku zote aliamini kwamba risasi moja iliyopigwa vizuri ina huruma kuliko kukimbizwa saa nzima. Kamati ya Lord Burns, iliyochunguza jambo hili kwa niaba ya serikali na kutoa ripoti yake mwaka 2000, ilielekea huko huko: kwamba kupiga kwa bunduki na taa, ikifanywa ipasavyo na mahali panapofaa, humtesa mnyama kidogo kuliko kumwinda kwa mbwa. Nimekuwa nikilitafuna neno hilo "ipasavyo". Ndani yake nimo mimi niliyeshika taa. Kama kidole cha Baba kingekuwa kimekwisha kubana wakati ule mwanga ulipohama, mbweha yule angeweza kwenda kufia msituni na taya lililovunjika, na huruma yangu ndiyo ingekuwa imemtesa.

Kwetu Same, mtu anayekutwa porini usiku na bunduki na kurunzi ni jangili, na hakuna maelezo atakayowapa askari wa hifadhi ya Mkomazi wakamwelewa. Huenda ndiyo sababu nilichelewa sana kuizoea kazi hii, hata baada ya kuiona bunduki ikifungiwa katika kabati lake la chuma, na polisi wakija kuhoji na kukagua kila kibali cha miaka mitano kinapokwisha. Babu yangu alilinda mbuzi kwa debe bovu na fimbo. Akisikia mbweha wamekaribia boma, alilipiga debe lile mpaka sisi watoto tukaamka tukilia, kisha akazunguka na tochi yake kuukuu, akawahesabu mbuzi, akarudi kulala. Lugha yetu imewapa jina moja, yule wa Same mwenye mgongo mweusi na huyu mwekundu wa milima ya Wales, ingawa ni wanyama wawili tofauti. Pengine ndiyo maana huyu hajawahi kuwa mgeni machoni pangu, na kila nikiyaona macho yake katika mwanga huwa nalisikia debe.

Lakini kusogeza taa si ndiko kunakoniuma zaidi. Linaloniuma ni jibu langu. Aliuliza kwa upole, akanipa na njia ya kutokea, nami nikaichukua. Kumdanganya mkwe ni jambo zito popote, na hili lilikuwa juu ya kazi ambayo mtu mmoja anauweka uhai wa kila kilicho mbele yake katika mkono wa mwenzake. Jumatano usiku, nikiwa ngazini, nilimsikia akizungumza jikoni na mke wangu kwa Kiwelisi. Maneno ninayoyajua ya lugha ile hayajai ukurasa, lakini "fraich" ninalijua, kwa sababu mtoto amefundishwa viungo vya mwili msimu huu: mkono wake. Nikasimama pale na kikombe kitupu, nikashindwa kushuka.

Wiki hii mke wangu amepata ile kazi tuliyoiombea tangu Oktoba, na mdogo wangu amefunga ndoa Moshi nikaitazama kwa vipande kwenye simu, mtandao ukikatika kila mara. Sikumbuki nilivaa nini wala nilisema nini siku hizo mbili. Ninachokumbuka ni kwamba Jumatano asubuhi, nilipohesabu katika shamba la juu, pacha mmoja wa kondoo namba 61 hakuwapo. Nilitembea kandokando ya uzio wote, nikaingia msituni mpaka nikakwaruzwa uso, sikuona damu wala hata unyoya wa sufu. Inawezekana alichukuliwa na mbweha yule yule. Inawezekana alitumbukia mtoni, maana mvua ya wikendi iliujaza. Niliandika kwenye daftari la zizi, "Amepotea," Baba akalisoma neno hilo kwa muda mrefu kuliko urefu wake, kisha akasema, "Mto umejaa."

Jana jioni nilirudi kutoka zizini nikakuta boksi juu ya meza ya jikoni, mahali ninapokaa mimi. Ndani mlikuwa na taa mpya, ndogo, nyepesi kuliko ile ya zamani kwa zaidi ya nusu, yenye mkanda wa begani na kioo chekundu, kama kile kilichovunjika katika taa ya zamani tangu mwaka juzi na hakuna aliyekumbuka kukinunua. Baba alikuwa amesimama karibu na jiko. Alinivalisha mkanda yeye mwenyewe, akaufupisha tundu moja, akarudi nyuma akaangalia, akaufupisha tena. Vidole vyake vilinuka iodini. Akasema, "Hii haitakuchosha," na nikamwambia ahsante, na kwa mara ya kwanza tangu Jumanne kifua changu kilifunguka, nikaona furaha imenijaa kuliko ninavyostahili, kwa sababu mzee huyu huvaa koti moja mwaka wa kumi na mbili na hufunga lango kwa kamba akikwepa kununua bawaba.

Nilimweleza mke wangu yote usiku ule, kuanzia kondo la nyuma mpaka uongo. Hakunikatiza. Aliponyamaza muda wa kutosha kunitia hofu alisema, "Kama angeamini kwamba mkono umechoka, angenipa mimi taa." Nikamuuliza alichosema baba yake jikoni. Akasema ameahidi kutosema, akazima taa ya kitandani.

Nimeamua kwamba Jumapili, tukimaliza kulisha, nitamwambia Baba mwenyewe nilichokiona na nilichokifanya, na kwamba kama hataniamini tena na taa nitaelewa. Nimelipanga neno la kwanza mara nyingi na bado halijakaa sawa.

Ni saa nane kasoro usiku. Namba 88, yule mweusi wa usoni, bado hajazaa, na nilipompapasa jioni upande wa kushoto wa kiwele chake ulikuwa mgumu na wa moto. Ana mapacha tumboni na maziwa ya upande mmoja hayatawatosha. Ninavaa viatu nikamwangalie tena.