Nilivyobeba mimba nikiwa kwenye olanzapini

Wifi yangu aliposikia tunatafuta mtoto, aliniambia, "Hizo dawa za akili ziache, zitakulemazia mtoto." Alisema kwa upendo. Ila yeye hajawahi kusikia sauti ninazozisikia mimi nikiwa bila dawa yangu, olanzapini.

Nikamwomba daktari wangu anionyeshe utafiti wenyewe. Tukausoma ule wa Krista Huybrechts na wenzake, uliochapishwa Marekani mwaka 2016, uliopitia kumbukumbu za Medicaid, bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo, mimba zaidi ya milioni 1.3. Takwimu za mwanzo zilinitisha: waliozaliwa na kasoro walikuwa 32.7 katika kila watoto 1,000 ambao mama zao hawakutumia dawa hizi, na 44.5 kwa waliotumia zile za kizazi kipya, olanzapini ikiwemo, miezi mitatu ya mwanzo. Ningeishia hapo, vidonge vingeenda chooni. Lakini wanaotumia dawa hizi mara nyingi wana mengine pia: kisukari, sigara, dawa za maradhi mengine. Hayo yalipoingizwa kwenye hesabu, tofauti karibu yote ikayeyuka. Risperidoni tu, dawa nyingine ya kundi hilo, ndiyo iliyobaki juu kidogo, na watafiti wenyewe walitaka ichunguzwe zaidi.

"Ungekuwa kwenye valproeti ningekubadilishia leo hii," daktari akasema. Hiyo ni dawa ya kundi jingine, ya kifafa na ya hisia zinazopanda na kushuka kupita kiasi, na inaleta kasoro kwa takriban mtoto 1 kati ya 10. Watu huzitia zote kapu moja, ndiyo shida.

Basi nikabaki na olanzapini, kwa dozi ndogo inayonitosha, nikaanza vidonge vya foliki kabla ya mimba. Kwa kuwa olanzapini hunenepesha na huweza kuleta kisukari cha mimba, sukari nilipimwa mapema. Kliniki nilisisitiza jina la dawa liandikwe kwenye kadi, ingawa nesi alinitazama vibaya. Wodi ya wazazi ilipaswa kujua: tangu 2011 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, imetahadharisha kuwa mtoto aweza kutetemeka, kulegea au kunyonya kwa shida siku za mwanzo. Wangu alilegea kidogo, wakamwangalia, akachangamka.

Tuliogopa zaidi wiki za baada ya kujifungua, maana ndipo ugonjwa wangu hupenda kurudi. Nikapangiwa daktari mapema, na usiku mume wangu ndiye aliyeamka na mtoto, kwa sababu nikikosa usingizi naanza kuumwa.