Tairi laini kwenye mawe ya Kigoma

Jamani, njia ya mawe ya Jumamosi kule milimani juu ya ziwa imetuonyesha tena: upepo wa tairi kwanza, nguvu ya injini baadaye. Kwa Land Cruiser yenye mizigo ya kawaida, shusheni hadi psi 18 au 20. Tairi ngumu hudunda juu ya jiwe na kuteleza. Iliyolainika hulikumbatia, unaona kabisa mpira unavyobonyea. Msishuke chini ya 15, tairi itachomoka kwenye ringi gari likikata kona. Kompresa isisahaulike, maana kukimbia lami na upepo huo kunachemsha tairi hadi inapasuka.

Ingieni "lo", yaani gia nzito za 4x4 za mwendo wa polepole, kabla ya mwamba, gia namba moja, mguu mbali na klachi. Jiwe kubwa lipandwe kwa tairi, lisipite katikati, kwa sababu difu, lile bonge la gia katikati ya ekseli, imening'inia chini kuliko kila kitu. Likigonga, simama uchungulie: oili ikidondoka pale, hakuna kuendelea.

Mwelekezaji, yule anayesimama nje kumwonyesha dereva pa kupita, awe mmoja tu. Na tafadhali, kamba ya kuvutia isifungwe kwenye kidude cha kuvutia trela. Kikikatika kinaruka kama risasi.